Kidonge cha Dirishani na Kidonge cha Cheti



Kamati iliyoandaa mkutano huu ilinipa swali moja: kati ya dawa za maumivu tunazojinunulia dukani na zile zinazoandikwa na daktari, zipi zina nguvu zaidi, na mtu achague zipi? Nalishukuru swali hili kwa sababu ndilo ninaloulizwa kila siku nikiwa nyuma ya kaunta ya famasi. Lakini nitaanza kwa kulipinga. Wengi wetu tunaamini kwamba dawa zimepangwa kwa ukali: chini kabisa kuna Panadol, juu yake kuna zile za rangi mbili, na kileleni kuna zile ambazo mpaka daktari aandike. Kwa imani hiyo mtu akiumwa sana huona ni haki yake kupewa ya kileleni, na akipewa parasetamoli hospitalini hutoka akinung'unika kwamba wamemfukuza na Panadol.

Cheti cha daktari hakipimi ukali wa dawa. Cheti ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyesomea kazi hiyo amekuuliza maswali kabla dawa haijafika mdomoni mwako, na kwamba ukipata matatizo kuna mahali pa kurudi. Ukinunua bila cheti, maswali yale yale bado yapo, ila sasa wa kuyauliza na wa kuyajibu ni wewe peke yako. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo.

Tazameni historia ya dawa zenyewe. Parasetamoli, ambayo siku hizi utaikuta hata kwenye genge la nyanya, ilipoingia sokoni Uingereza mwaka 1956 kwa jina la Panadol ilikuwa dawa ya cheti. Ibuprofeni nayo iligunduliwa na mfamasia, Stewart Adams, aliyefanya kazi katika kampuni ya Boots mjini Nottingham. Namtaja kwa makusudi, maana wafamasia hatusifiwi mara nyingi. Adams alipenda kusimulia kwamba asubuhi moja akiwa Moscow aliamka kichwa kinamgonga kwa vodka ya usiku, naye alitakiwa kuhutubia mkutano, basi akameza miligramu 600 za dawa yake mwenyewe na akaenda kuhutubia. Ibuprofeni ilianza kutumika Uingereza mwaka 1969, kwa cheti tu. Mwaka 1983, miaka 14 baadaye, ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichokuwa kimeongezeka ni uzoefu: wakaguzi wa dawa walikuwa wameridhika kwamba mtu mzima mwenye afya, akitumia dozi ndogo kwa siku chache, anaweza kujisimamia.

Mtazingatia nimesema dozi ndogo. Mpaka kati ya dukani na cheti mara nyingine hupita katikati ya dawa moja. Ibuprofeni ya kujinunulia ni miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, zisizidi 1,200 kwa siku. Daktari anaweza kumwandikia mgonjwa wa baridi yabisi miligramu 2,400 kwa siku. Kinachomruhusu kufanya hivyo ni kwamba amekwisha kumpima presha, anajua figo zake zikoje, na atamwona tena.

Mpaka huo pia hurudi nyuma. Hadi mwaka 2014 Mwingereza aliweza kununua famasi, bila cheti, vidonge vya diklofenaki vya dozi ndogo, miligramu 12.5. Januari 2015 mamlaka yao ya dawa ikaviondoa, vikawa vya cheti tu, kwa sababu ilionekana diklofenaki inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na mnunuzi wa dirishani hapimwi moyo. Ufaransa ilifanya hivyo kwa kodeini mwaka 2017, Australia mwaka 2018. Huko sababu ilikuwa uraibu. Na msidhani cheti chenyewe ni kinga. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliiondoa duniani kote dawa yake ya Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyoandikwa na madaktari kwa mamilioni ya watu, baada ya kuthibitika kwamba inaleta mashambulio ya moyo na viharusi. Wagonjwa wale walikuwa na vyeti vyao mkononi.

Sasa hili la nguvu. Huko Bronx, New York, madaktari wa idara za dharura waliwachukua watu 416 waliofika wakiwa na maumivu makali ya mkono au mguu, wengine wameteguka, wengine wamevunjika. Kundi moja walipewa ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1,000, yaani vitu ambavyo hapa mjini unaviokota kwa shilingi mia chache. Makundi mengine matatu walipewa dawa za jamii ya afyuni zilizochanganywa na parasetamoli: oksikodoni, haidrokodoni, kodeini. Baada ya saa mbili makundi yote manne yalikuwa yamepata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Mwaka 2023 watafiti wa Sydney walichapisha utafiti wao juu ya maumivu mapya ya mgongo na shingo: waliopewa oksikodoni hawakupata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Na ili nisionekane naipigia debe Panadol, kuna utafiti mwingine wa huko huko Sydney, wa mwaka 2014, ulioonyesha kwamba hata parasetamoli haiharakishi kupona kwa mgongo ulioanza kuuma ghafla. Mgongo wa namna hiyo hupona kwa siku kupita na kwa mtu kuendelea kutembea.

Kwa hiyo dawa inayofaa hutegemea maumivu yametoka wapi. Jino, hedhi, kuteguka, kifundo kilichovimba: hayo ni maumivu ya uvimbe, na ibuprofeni huyapatia vizuri kuliko hata kodeini. Homa na kichwa cha kawaida, parasetamoli inatosha. Maumivu ya mishipa ya fahamu, kama ganzi yenye kuunguza miguuni kwa mgonjwa wa kisukari au machungu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, hayasikii parasetamoli wala diklofenaki hata ukimeza boksi zima. Yana dawa zake, kama amitriptilini, ambayo wengi wanaifahamu kama dawa ya sonona, na hapo ndipo cheti kina kazi ya kweli. Namwona mtu anakaa mwaka mzima akipanda kutoka Panadol kwenda diklofenaki kwenda meloksikamu, kila mwezi anatafuta iliyo kali zaidi, kumbe amekuwa akipanda ukuta usio wake.

Niseme kidogo namna dawa hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu madhara yake hutoka mle mle zinamotoka faida zake. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazochochea uvimbe na kufanya kidonda kiume, kwa hiyo ukizizuia unapata nafuu. Lakini hizo hizo ndizo zinazosimamia utando unaokinga tumbo lisiunguzwe na asidi yake, na ndizo zinazosaidia damu ifike ya kutosha kwenye figo. Ukimeza ibuprofeni, diklofenaki, meloksikamu, piroksikamu au indometasini, hukuiambia iende kwenye goti tu. Imekwenda tumboni na kwenye figo vilevile. Sindano haikuokoi. Wapo wanaoomba sindano ya diklofenaki wakiamini itaruka tumbo, lakini dawa ikishaingia kwenye damu hufika kwenye utando wa tumbo kwa mlango wa nyuma.

Parasetamoli haina tatizo hilo la tumbo na figo kwa kiwango hicho. Yake ni ini. Ini likiivunjavunja parasetamoli hubaki sumu kidogo, na ini lenyewe huifuta kwa akiba iliyo nayo. Mtu mzima akizidisha miligramu 4,000 kwa siku, yaani vidonge nane vya miligramu 500, anaanza kuikaribia mipaka ya akiba hiyo. Mlevi, mtu aliyekonda kwa ugonjwa na mtu asiyekula huifikia mapema zaidi. Ubaya wa sumu hii ni kwamba siku ya kwanza mtu huwa anajisikia vizuri tu, pengine kichefuchefu, na ini huonyesha hali yake siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuizima ipo, inaitwa asetilisistini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Kwa hiyo aliyemeza vidonge vingi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama anacheka na kuongea.

Sasa nije hapa kwetu Tanzania, kwa sababu mpaka ninaousema, kati ya dawa ya dukani na dawa ya cheti, kwetu uko zaidi kwenye karatasi.

Saa moja jioni duka la dawa limejaa. Mama wa makamo anafika dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipe diklopa za elfu moja, magoti yamenishika."

Kijana anavuta boksi, anachukua mkasi, anakata vidonge kutoka kwenye karatasi yake, anavitia kwenye kibahasha cha kaki, anaandika juu yake 1x3. Mama anatoa noti, anaondoka. Hapo kuna mambo mawili yametokea. Kwanza, ule mkasi umeacha dukani jina la dawa, kiasi chake na tarehe ya kuisha, maana hivyo vyote huchapishwa upande mmoja wa karatasi. Alichoondoka nacho mama ni vidonge visivyo na jina na maandishi ya 1x3, ambayo hayamwambii ale kwanza au asile, wala ni kwa siku ngapi. Pili, dawa imepimwa kwa pesa. Za elfu moja. Angekuwa na mia tano angepata dozi nyingine.

Na boksi lile, mara nyingi, limeandikwa kwamba dawa hiyo iuzwe kwa cheti cha daktari.

Sitaki kumtwika kijana yule mzigo wote. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi ya zamani, yameleta wauzaji waliopata mafunzo mpaka vijijini ambako famasi ya kwanza iko mbali, na kwa watu wengi dirisha lile ndilo hospitali ya kwanza. Foleni ya zahanati inakula siku nzima ya kibarua. Mtu anayeuza vitumbua haachi meza yake asubuhi kwenda kuandikiwa ibuprofeni. Mimi simlaumu. Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa dirishani panauzwa karibu kila kitu, hatuwezi kuutegemea ule mpaka utulinde. Tunabaki na maswali.

Tupige hesabu ya mama yule. Vidonge vya mchanganyiko tunavyoviita diklopa mara nyingi vina diklofenaki miligramu 50 na parasetamoli miligramu 500 ndani ya kidonge kimoja. Moja kutwa mara tatu ni diklofenaki miligramu 150, na huo ndio ukomo wa siku kwa mtu mzima. Kwa hiyo ameshajaza kipimo. Jioni kichwa kikimuuma atameza Panadol mbili, kwa sababu Panadol kwake ni dawa nyingine. Tuseme anafanya hivyo mara tatu kwa siku. Parasetamoli ya diklopa ni 1,500, ya Panadol ni 3,000, jumla 4,500. Amevuka. Akipata na mafua akanunua vidonge vya mafua, ambavyo vingi navyo vimewekwa parasetamoli, amevuka zaidi. Kesho magoti yakikataa, jirani atamshauri apite zahanati akachomwe sindano ya maumivu, ambayo mara nyingi ni diklofenaki miligramu 75 juu ya zile 150. Hakuna mtu katika mlolongo huo aliyefanya jambo la ajabu. Kila mmoja amempa dozi sahihi ya kwake.

Na bado sijauliza swali la presha. Mama wa makamo mwenye magoti yanayouma, katika mji huu, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na presha. Diklofenaki na ndugu zake hupandisha presha na kupunguza makali ya dawa zinazoishusha. Kuna mchanganyiko mmoja ambao sisi wafamasia tunauogopa kwa namna ya pekee: dawa ya presha ya kundi la enalapril au losartan, pamoja na dawa ya kukojoza maji, kama Lasix au bendroflumethiazide, halafu juu yake diklofenaki au ibuprofeni. Kila moja huigusa figo kwa namna yake, na zote tatu zikikutana, hasa kwa mtu mzima aliyeharisha au asiyekunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Kama unameza dawa mbili za kwanza, ya tatu kwako si dawa ya dukani, hata kama inauzwa barabarani.

Hivyo hivyo kwa wengine. Mwenye vidonda vya tumbo, au aliyewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, aachane na kundi zima la ibuprofeni mpaka azungumze na daktari. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, vivyo hivyo. Aliyeandikiwa aspirini ndogo ya moyo asiongeze ibuprofeni bila kuuliza, kwani ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini ile isifanye kazi yake. Mjamzito atumie parasetamoli kwa kiasi na kwa ushauri. Kuanzia wiki ya 20 kundi la ibuprofeni linaweza kumdhuru mtoto figo na kupunguza maji ya uzazi, na karibu na kujifungua linaweza kumletea mtoto matatizo ya moyo. Mtoto na kijana wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini kwa homa, na sharubati ya parasetamoli apimiwe kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa kutumia kile kijiko au bomba lililokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Wakazi wa Dar es Salaam mnakumbuka homa ya dengue, kidingapopo, mwaka 2014 na tena 2019. Viungo vinauma utadhani mifupa imepondwa, na mkono wa mtu unakimbilia diklofenaki. Katika homa ile chembe za damu zinazoziba majeraha hupungua, na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli na maji ndivyo vinavyoruhusiwa. Kwa sababu mwanzoni huwezi kuitofautisha kidingapopo na malaria kwa kutazama uso wa mgonjwa, kanuni yangu kwa homa yoyote ambayo haijapimwa ni parasetamoli tu, na kipimo kwanza.

Kipimo, maana dawa ya maumivu ina tabia ya kunyamazisha mgonjwa huku ugonjwa unaendelea. Kuna maumivu ambayo hayapaswi kuanzia dirishani hata kidogo. Kichwa kilichopasuka ghafla kwa namna ambayo hujawahi kuipata maishani. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa. Kifua kinachobana na maumivu yakishuka mkononi au kupanda taya. Tumbo lililoanza kuuma karibu na kitovu, likahamia chini upande wa kulia, na mtu hawezi kujinyoosha. Mgongo wenye miguu kufa ganzi au haja ndogo kugoma. Mama mwenye mimba changa na maumivu ya upande mmoja wa tumbo. Hao wapelekwe hospitali, na usiku usiwe kisingizio. Kwa maumivu ya kawaida mimi huwapa watu siku tatu: ikiwa siku ya nne bado unahitaji kidonge, au homa bado ipo, umefika mwisho wa kujitibu. Na yeyote anayemeza dawa za kichwa siku 15 au zaidi katika mwezi, miezi mfululizo, ajue kwamba pengine sasa ni zile dawa zinazomuumiza kichwa. Hali hiyo inatambulika kitabibu, na tiba yake huanza kwa kuziacha, chini ya usimamizi.

Wazee wa magoti, msiniangalie hivyo, sijawasahau. Kwa goti lililochakaa jaribuni kwanza jeli ya diklofenaki ya kupaka, kwa sababu dawa inayoingia kwenye damu kwa njia hiyo ni kidogo sana kuliko ya kumeza, na kwa goti hufanya kazi kweli. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja husaidia, na kwa mnene kupungua kilo husaidia zaidi ya kidonge chochote nilicho nacho kabatini. Najua jibu hili halipendwi.

Nimalizie kwa upande wa pili, maana nikiishia hapa nitakuwa nimewatisha kuhusu dawa za cheti kana kwamba zote ni hatari tupu. Zipo dawa ambazo lazima zibaki nyuma ya cheti: tramadoli, kodeini, pethidini, mofini. Zote ni za jamii ya afyuni, zote hulevya, zote zikizidi hupunguza kupumua. Mmesikia habari za Marekani, ambako dawa iliyoitwa OxyContin, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ilitangazwa kwa madaktari kana kwamba hatari yake ya uraibu ni ndogo, na mwaka 2007 kampuni iliyoitengeneza ilikiri mahakamani kwamba iliwapotosha. Na hapa kwetu kijana anayemeza tramadoli ili aendeshe bodaboda usiku kucha bila kusikia mgongo anachezea kitu cha namna hiyo hiyo, pamoja na hatari ya kuanguka kifafa. Muuzaji anayempa bila cheti anajua anachofanya.

Lakini woga wa afyuni nao umewatesa watu wengi sana katika ukanda wetu. Shirika la Afya Duniani liliweka ngazi tatu za kutibu maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini ya kunywa iko katika ngazi ya juu. Hapo ndipo ile picha ya ngazi niliyoipinga mwanzoni ilipo na haki yake: kwa mgonjwa wa saratani, daktari akipanda kwa utaratibu, anapanda mahali panapostahili. Jirani zetu wa Uganda walilifahamu hilo mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, ilifanya mofini ya maji, inayotengenezwa kwa unga na maji safi na kutiwa rangi ili nguvu tofauti zisichanganywe, kuwa jambo la kawaida nyumbani kwa mgonjwa. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu kisheria wauguzi waliofunzwa huduma shufaa kuandika mofini. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mofini ya namna hiyo. Mwenye saratani anayelia usiku na kupewa diklopa na jamaa zake wanaoogopa kwamba mofini itamfanya teja, au itamuua mapema, anaonewa. Mofini ikitolewa kwa dozi sahihi haimwahishi mtu kaburini. Inampa usingizi, na asubuhi anaweza kuongea na wanawe. Vivyo hivyo mgonjwa wa selimundu akiwa katika siku zake mbaya: anapofika hospitali akiomba dawa kali, haigizi. Apewe, tena haraka.

Kwa hiyo katika nyumba moja mtu mmoja anaweza kuwa anameza kidonge ambacho kilihitaji cheti, na mwingine ananyimwa dawa ambayo cheti chake kingepatikana kwa kuuliza tu. Tumeona makosa ya aina zote mbili.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwenu wauzaji wenzangu, maana nawaona mko wachache humu ndani. Mkikata kwa mkasi, andikeni jina la dawa kwenye kibahasha, na idadi ya siku. Sekunde kumi. Na mwenye cheti cha tramadoli mhudumieni, asiye nacho mwambieni hapana, hata kama ni jirani na hata kama kuna deni la kulipa mwisho wa mwezi.

La pili ni kwenu nyote. Ukifika dirishani, kabla hujataja goti, taja presha, kisukari, ujauzito, vidonda vya tumbo, na kila dawa unayomeza nyumbani, pamoja na ile uliyopewa na shemeji. Asipokuuliza, mwambie. Mwombe akuonyeshe karatasi ya dawa kabla hajaikata, usome kilichomo. Na kama baada ya kukusikiliza atakukatalia diklopa na kukuelekeza zahanati, usihamie duka la pili.